Kabla ya mimba, ndani ya mimba au baada ya kuzaa: kipimo gani cha vinasaba kinawafaa ninyi?

Wawili wanataka mtoto. Mmoja aliwahi kuambiwa anabeba jeni ya selimundu, mwingine hajawahi kupima chochote. Au mmoja ana dada mwenye talasemia, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu. Au mama amefika miaka 40 na kila anayemuuliza anamtajia kipimo tofauti. Wote wanauliza "tupime nini?", na wanajibiwa kwa orodha ndefu, kana kwamba vipimo vyote vinajibu swali moja.

Havijibu swali moja. Kipimo cha mapema kinawasema wazazi, hakimsemi mtoto, lakini kinawaachia milango mingi ya kuchagua. Kipimo cha baadaye kinamsema mtoto mwenyewe, ila milango mingi imeshafungwa. Ukilielewa hilo, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Nitalinganisha njia tano: kupima wazazi kabla ya mimba, kupima damu ya mama mimba ikishaingia, kuchukua chembe za kondo au maji ya uzazi kwa sindano, kutungisha mimba maabara na kupima viinitete (mimba changa sana, kabla ya kuwekwa tumboni), na kuacha mimba iende kama kawaida, kisha kumpima mtoto akizaliwa. Hii ya mwisho husahaulika sana kwenye ulinganisho wa aina hii, nami naiweka makusudi. Kila moja nitaiuliza mambo yale yale: inafanyika lini, inajibu swali gani, inakosea wapi, mwili unalipa nini, na inamfaa nani.

Kwanza, asili yenu

Jibu lile lile la maabara linaweza kuwa na uzito tofauti kwa watu wawili wenye asili tofauti. Mwaka 1908 Mwingereza G. H. Hardy na Mjerumani Wilhelm Weinberg, kila mmoja kivyake, walionyesha namna ya kutoka kwenye idadi ya wabebaji (wenye nakala moja ya jeni, wasioumwa) hadi idadi ya wagonjwa. Chukua mahali ambapo mtu 1 kati ya 5 anabeba jeni ya selimundu. Ukiwakutanisha wawili bila kuchagua, wote watakuwa wabebaji mara 1 kati ya 25. Wabebaji wawili hupata mtoto mgonjwa kwa uwezekano wa robo, kwa hiyo unafikia mtoto 1 kati ya 100. Kwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini, karibu 1 kati ya 25 anabeba jeni ya sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoathiri mapafu. Fuata njia ile ile: wenzi 1 kati ya 625, mtoto 1 kati ya 2,500.

Tofauti hizo zina chanzo. Mwaka 1954 Anthony Allison, kutokana na utafiti wake wa Afrika Mashariki, alionyesha kwamba anayebeba jeni moja tu ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo imeshamiri palipokuwa na malaria, kuanzia Afrika hadi Uarabuni, India na pwani za Mediterania. Kwingine sababu ni udogo wa jamii ya mwanzo: watu wachache wakianzisha ukoo mkubwa, jeni adimu ya mmoja wao husambaa kwa wajukuu. Hivyo ndivyo inavyoelezwa mara nyingi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, ambao karibu 1 kati ya 30 hubeba jeni ya Tay-Sachs, ugonjwa unaoharibu ubongo wa mtoto.

Halafu kuna ndoa za binamu. Watoto wa ndugu wawili hushiriki kwa wastani sehemu 1 kati ya 8 ya vinasaba vyao. Kwa wenzi wowote wale, uwezekano wa kupata mtoto mwenye kasoro kubwa ya kuzaliwa ni karibu asilimia 3. Kwa binamu huongezeka kwa asilimia 2 hadi 3 nyingine hivi. Anayesema ndoa ya binamu lazima izae mgonjwa anatia chumvi. Anayesema haina neno kabisa, naye anaficha hesabu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa mkono uchomwe, andikeni mababu na mabibi zenu wanne wanne walitoka wapi, na nani kati ya ndugu alifariki mdogo, aliugua damu au alipoteza mimba mara nyingi. Karatasi hiyo inamsaidia mshauri kuliko kumtazama mtu rangi.

1. Kupima wazazi kabla ya mimba

*Lini.* Wakati wowote, hata kabla ya uchumba. Ni damu au mate tu.

*Swali linalojibiwa.* Je, sisi wawili tunabeba jeni iliyojificha ambayo ikikutana itamuumiza mtoto? Wote wakibeba, kila mimba ina robo ya kuwa na ugonjwa, nusu ya mtoto kuwa mbebaji kama wazazi, na robo ya kutorithi kabisa. Kila mimba huanza upya. Nimeshasikia mara nyingi mtu akisema "wa kwanza aliumwa, basi watatu wanaofuata wako salama." Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana.

*Inapokosea.* Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi huangukia. Kuna kipimo cha haraka cha selimundu, kile cha kuchanganya damu na dawa na kutazama kama mchanganyiko unakuwa na ukungu. Kinasema tu S, yaani himoglobini ya selimundu, ipo au haipo (himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kwenye damu). Hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa, na hakioni himoglobini C, aina nyingine ya kurithi, wala talasemia. Sasa fikiria mama ana S, baba anapimwa kwa kipimo hicho, anaambiwa "hana," wanafurahi. Kumbe baba anabeba C. Mtoto akirithi S kwa mmoja na C kwa mwingine, ana ugonjwa wa selimundu. S na talasemia ya beta nayo ni hivyo hivyo.

Dai kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini na kutoa asilimia, pamoja na hesabu kamili ya damu. Karatasi ya mbebaji wa kawaida husoma A, himoglobini ya kawaida, kama asilimia 60 na S chini kidogo ya 40. Ukiona S imezidi A kwa mtu ambaye hajaongezewa damu karibuni, usikubali neno "mbebaji" bila maelezo; huenda kuna talasemia ndani yake.

Vipimo vipana vinavyotazama mamia ya magonjwa kwa pamoja vina kasoro yao. Vingi vilijengwa kwa kutumia data ya watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko moja liitwalo F508del ndilo sehemu kubwa ya sistiki faibrosisi kwa Wazungu, lakini kwa asili nyingine mabadiliko mengine huchukua nafasi, na orodha fupi huyakosa. Watu wenye asili ya Afrika, ambao ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani, hurudishiwa mara nyingi jibu la "badiliko lisilojulikana maana yake." Jibu la namna hiyo si ugonjwa, wala si ruhusa ya kukata tamaa.

*Mwili unalipa nini.* Karibu hakuna. Moyo ndio hulipa, hasa wachumba wakigundua wote wanabeba.

*Inamfaa nani.* Wenye muda. Kisiwa cha Saiprasi, ambako karibu mtu 1 kati ya 7 anabeba talasemia ya beta, kilianza upimaji wa watu wengi miaka ya 1970, na sasa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo ni nadra. Wengi waliogundua wanabeba hawakuachana. Walioana, kisha wakatumia njia nyingine za hapa chini. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaokwepa kipimo wakidhani kimewekwa kuvunja uchumba.

2. Damu ya mama ndani ya mimba

*Lini.* Kuanzia wiki ya 10.

*Swali linalojibiwa.* Je, mtoto ana uwezekano mkubwa wa kuwa na kromosomu (kifurushi cha jeni) ya ziada, hasa ile ya 21 inayoleta hali ya Down? Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake waliripoti kwamba vipande vya DNA ya mtoto huelea kwenye damu ya mama. Kipimo chenyewe kiliingia sokoni 2011. Kinaweza pia kutaja jinsia, na kwa mama mwenye damu hasi, kundi la Rh la mtoto. Kwa kawaida *hakijibu* suala la selimundu wala talasemia. Wenzi wenye jeni hizo wanaofanyiwa kipimo hiki na kuambiwa "kila kitu sawa" wamejibiwa swali ambalo hawakuuliza.

*Inapokosea.* DNA hiyo kwa kweli hutoka kwenye kondo, na kondo na mtoto hawafanani kila mara. Tena hiki ni kipimo cha kuchuja, si cha kuthibitisha, na maana ya jibu inategemea umri. Kwa mama wa miaka 30, uwezekano wa mtoto mwenye Down ni karibu 1 kati ya 1,000. Kwa wa miaka 40 ni karibu 1 kati ya 100. Tuseme kipimo kinawashika 99 kati ya 100 walio nayo, na kinamsingizia 1 kati ya 1,000 wasio nayo. Pima mama 10,000 wa miaka 30: watoto 10 wanayo na utawashika karibu wote, lakini wengine 10 watasingiziwa. Yaani kati ya walioambiwa "hatari kubwa," nusu watoto wao hawana. Pima 10,000 wa miaka 40: unashika 99, unasingizia 10 hivi. Mashine moja, karatasi moja, na uzito tofauti kabisa. Usifanye uamuzi usiorudi nyuma kwa karatasi hii peke yake.

*Mwili unalipa nini.* Mchomo wa sindano mkononi.

*Inamfaa nani.* Mama mwenye wasiwasi wa kromosomu, asiyetaka sindano ya tumbo bila sababu ya kutosha. Asiyetaka kabisa kujua kuhusu Down ana haki ya kusema hapana, na ni afadhali aseme kabla damu haijatolewa.

3. Chembe za kondo au maji ya uzazi

*Lini.* Kondo, wiki ya 11 hadi 14. Maji ya uzazi, kuanzia wiki ya 15. Kuchukua kondo mapema zaidi, kabla ya wiki ya 10, kulihusishwa na kasoro za viungo vya mtoto, ndiyo maana hakufanywi.

*Swali linalojibiwa.* Mtoto huyu, aliyemo humu, anao au hana? Tangu 1978, Yuet Wai Kan na Andrée Dozy walipoonyesha kwamba selimundu inaweza kutambuliwa kwa DNA ya chembe zilizomo kwenye maji ya uzazi, njia hii imekuwa ndiyo ya kuthibitisha. Inaona kromosomu na pia jeni moja moja, mradi maabara imeambiwa itafute nini. Neno hilo la mwisho ni zito: bila majibu kamili ya wazazi, maabara hutafuta gizani.

*Inapokosea.* Mara chache. Chembe za mama zinaweza kuchanganyika na za mtoto, na kondo hugundulika na mchanganyiko wa kromosomu ambao mtoto hana kwa asilimia 1 hadi 2 hivi ya mimba zinazopimwa. Ikitokea hivyo, hushauriwa kusubiri na kupima maji.

*Mwili unalipa nini.* Sindano hupitishwa tumboni, picha ya ultrasound ikiongoza. Mimba inaweza kutoka kwa sababu ya kipimo; kwa mikono iliyozoea, ni chini ya 1 kati ya 200. Mama mwenye Rh hasi hupewa sindano ya kinga baada yake.

*Inamfaa nani.* Wabebaji wawili ambao mimba imeshaingia na ambao jibu lingebadilisha jambo: kuendelea na mimba au kuisitisha pale sheria na dhamira zinaporuhusu, au kujiandaa kumpokea mtoto mgonjwa kwenye hospitali yenye uwezo. Kama jibu halitabadilisha chochote, sioni kwa nini mimba iingizwe hatarini, hata hatari iwe ndogo.

4. Kutungisha maabara na kupima viinitete

*Lini.* Kabla mimba haijaingia tumboni. Mimba za kwanza za njia hii ziliripotiwa London mwaka 1990 na Alan Handyside na wenzake, wakichagua viinitete vya kike kwa familia zenye magonjwa yanayowapata watoto wa kiume.

*Swali linalojibiwa.* Kati ya viinitete hivi, kipi hakina ugonjwa wa familia yetu? Siku ya tano hivi huchukuliwa chembe chache za sehemu itakayokuwa kondo, kiinitete kikagandishwa, majibu yakasubiriwa. Wabebaji wawili wakipata viinitete vinane, kwa wastani sita havina ugonjwa, ingawa vingine vitakuwa wabebaji kama wao. Kumtupa mbebaji ni kosa la kuelewa: mbebaji si mgonjwa.

*Inapokosea.* DNA ya chembe chache huweza kusomwa nusu, nakala moja ikaonekana na nyingine ikapotea. Kwa hiyo maabara huomba damu ya wazazi, na mara nyingi ya babu, bibi au mtoto aliyetangulia, ili kufuata njia ya jeni ndani ya ukoo. Hapo hutokea jambo lisilosemwa kwa sauti: damu za ukoo zinaweza kufichua kwamba baba anayejulikana siye aliyezaa. Ulizeni mapema nani ataambiwa nini. Na hata baada ya haya yote, wengi hushauriwa kuthibitisha kwa njia ya tatu mimba ikishika.

*Mwili unalipa nini.* Hapa ndipo bei yake kubwa. Sindano za homoni kwa siku nyingi, mayai kutolewa kwa sindano, uwezekano wa ovari kuvimba kupita kiasi, na bado kiinitete kizima kinaweza kisishike. Umri wa yai ndio unaoamua sana, na kupima hakulirudishi yai ujanani. Mwanamke ambaye yeye mwenyewe anaumwa selimundu anahitaji daktari wa damu awepo tangu mwanzo, kwa kuwa homoni hizo huongeza hatari ya damu kuganda.

*Inamfaa nani.* Wabebaji ambao hawako tayari kabisa kufikia uamuzi wa kusitisha mimba, waliokwisha kumpoteza mtoto, au wanaohitaji kutungisha mimba maabara kwa sababu nyingine. Kwa mzazi ambaye vipande viwili vya kromosomu zake vimebadilishana nafasi na mimba zikawa zinatoka, huweza kupunguza mimba zinazotoka, lakini wengi wao huishia kupata mtoto mzima kwa njia ya kawaida pia. Asiharakishwe.

5. Kuacha, kisha kumpima mtoto

*Lini.* Siku za kwanza, tone la damu la kisigino.

*Swali linalojibiwa.* Mtoto aanze matibabu au la? Herufi huandikwa kwa kufuata wingi. Kichanga ana F nyingi, himoglobini ya tumboni. FA ni kawaida. FAS ni mbebaji. FS, A ikiwa haipo, ni mgonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nimeona FAS na FS zikisomwa kama kitu kimoja, na tofauti yake ni maisha ya mtoto.

*Inapokosea.* Mtoto aliyezaliwa njiti sana au aliyeongezewa damu kabla ya kipimo anaweza kutoa jibu la uongo. Na FS hudharauliwa kwa sababu mtoto anaonekana mzima: F humlinda miezi ya mwanzo, kisha hupungua.

*Mwili unalipa nini.* Kilio cha dakika moja.

*Inamfaa nani.* Wanaojua hatari yao na wameamua kumpokea mtoto yeyote atakayekuja. Huo ni uamuzi kamili, haupaswi kuitwa uzembe. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku ilipunguza maambukizi makali ya bakteria aitwaye nyumokokasi kwa watoto wenye selimundu kwa asilimia 84. Kipimo hiki kina maana kama dawa na kliniki vinafuata.

Mko wapi sasa?

Hamjaoana, au mmeoana na hamna haraka: njia ya kwanza, kikamilifu, wote wawili. Mmoja akitoka safi kwa kipimo kamili, kwa magonjwa ya aina hii mnaweza kupumua.

Mnajua wote mnabeba na mimba bado: chaguo ni kati ya ya tatu, ya nne na ya tano. Anzeni na swali gumu zaidi, mkiwa peke yenu: mtoto akigunduliwa mgonjwa kwenye wiki ya 13, mtafanya nini? Jibu lenu ndilo linalochagua njia. Mkitumia yai au mbegu za mtu mwingine, na yeye apimwe kwa kiwango hicho hicho.

Mama ana miaka 35 na kuendelea, familia haina ugonjwa wa kurithi: ya pili, ikifuatwa na ya tatu pale tu jibu likiwa baya au ultrasound ikionyesha kitu.

Mimba haiingii kabisa, au zimetoka mara kadhaa: hamko kwenye orodha hii bado. Ombeni kwanza kromosomu za wote wawili. Mwanamume asiye na mbegu apimwe pia kromosomu Y. Sehemu iitwayo AZFc ikiwa imepotea, mbegu huweza kupatikana kwenye korodani, lakini mtoto wa kiume atairithi hali hiyo. Na ikiwa mirija ya mbegu haikuumbika tangu kuzaliwa, mke apimwe jeni ya sistiki faibrosisi kabla ya kutungisha mimba maabara, kwa kuwa mume huenda anayo.

Mimba ina wiki 12, mama anabeba S, baba hajapimwa: achaneni kwa siku moja na habari za sindano ya tumbo. Mpimeni baba kesho asubuhi, na kwenye karatasi ya maabara aandikiwe kutenganisha himoglobini pamoja na hesabu kamili ya damu, siyo "selimundu" peke yake. Akitoka hana S, C wala talasemia, sindano haina kazi. Akitoka anabeba, bado mna muda wa kondo, na maabara sasa inajua inatafuta nini.